Mchoraji wa Vibao na Sauti za Herufi

Asubuhi katika mji wa Isebania huja polepole. Ukungu hulala juu ya mashamba ya mahindi na tumbaku, kisha huteremka hadi barabarani, mahali malori yanaposubiri kuvuka mpaka kwenda Sirare, upande wa Tanzania. Ukitazama wakati huo, huuoni mji. Unaona rangi tu zikielea: bluu ya mlango, nyekundu ya ukuta, njano ya kibao.

Nchagwa aliipenda sana saa hiyo. Alikuwa mchoraji wa vibao, na rangi nyingi zilizoelea ndani ya ukungu zilitoka mkononi mwake. Kibao cha kinyozi alikichora yeye. Cha hoteli ya chai alikichora yeye. Hata duka la dawa za mifugo, lenye ng'ombe anayecheka ukutani, lilikuwa kazi yake. Mistari yake ilinyooka bila rula. Watu walimwita Fundi, naye aliitika.

Lakini Fundi Nchagwa alikuwa na siri. Hakujua kusoma.

Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake, na shule aliiona kwa mbali tu, paa lake likimeta juani. Alipokua akajifunza kazi ya rangi. Herufi alizichora kama mtu anavyochora ndege au mti. Kwake S ilikuwa nyoka anayeota jua. A ilikuwa paa la nyumba. O ilikuwa bakuli. Mteja alimwandikia maneno kwenye karatasi, naye akayanakili ukutani, makubwa na mazuri. Maneno aliyajua mteja. Nchagwa alijua maumbo tu.

Siri hiyo hata mkewe hakuijua. Metrine alitoka upande wa Kakamega, Nchagwa ni Mkuria, kwa hiyo nyumbani waliongea Kiswahili. Siku za soko Metrine alikwenda Ogwedhi kuuza chai na maandazi penye mnada wa ng'ombe. Naye hakusoma. Aliamini mumewe ni msomi, maana mtu aliyeuandika mji mzima atakosaje kusoma?

Walikuwa na binti mmoja, Rael. Mwaka huo, 1996, alikuwa na miaka minane, naye alikuwa darasa la pili.

Kila jioni Rael alikaa kwenye mkeka akafungua kitabu cha shule. Sauti yake ilikuwa laini kama maji ya kijito. "Mama ana mbuzi. Mbuzi anakula majani. Mbuzi wa mama ni mweupe." Metrine aliacha kuchambua maharagwe akasikiliza. Nchagwa alifumba macho akamwona mbuzi mweupe akitembea nyumbani mwao.

Jioni moja alifumbua macho mapema. Rael alikuwa bado anasoma. Macho yake yalikuwa juu, kwenye dari, na kitabu kilikuwa mapajani. Nchagwa akakitazama. Mapaa yote ya nyumba kwenye ukurasa ule yalikuwa yameelekea chini.

Rael alikuwa ameshika kitabu juu chini.

 Nchagwa alitaka kusema neno. Lakini angesema nini? Angemwambia, "Geuza, usome vizuri," naye Rael angemjibu, "Basi Baba, nionyeshe." Akanyamaza. Akafumba macho tena, lakini safari hii hakumwona mbuzi mweupe.

Siku chache baadaye Rael alileta karatasi kutoka shuleni. "Mwalimu amesema ni yako, Baba."

Nchagwa aliifungua. Akaitazama muda uleule ambao wasomaji hutumia kutazama karatasi. Akaikunja.

"Inasema nini?" Metrine aliuliza.

"Mambo ya mkutano wa wazazi. Si sasa."

Aliitia kwenye mfuko wa shati. Kila siku ilikuwa pale, nyepesi kama unyoya, naye aliisikia kama jiwe. Asubuhi, Rael alianza kulalamika kwamba tumbo linamuuma. Liliuma siku za shule. Jumamosi lilipona.

Wiki tatu zikapita hivyo.

Kisha Nchagwa akapata kazi kwa Habon, mwanamke Msomali aliyetoka Garissa zamani na kufungua duka la nguo karibu na stendi. Kwa sababu ya binti yake Sumeya, watu wote walimwita Mama Sumeya. Alimpa Nchagwa karatasi yenye maneno ya kibao. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na kwenye mkunjo ilikuwa imetoboka.

Nchagwa alipanda ngazi akachora tangu asubuhi, kijani juu ya nyeupe. Alipoteremka, Habon alitoka dukani akasimama barabarani. Akakitazama kibao kwa muda mrefu.

"Fundi, mkono wako ni mzuri," alisema. "Hebu nisomee."

"Si ni vile uliandika, Mama Sumeya."

"Vile niliandika najua. Nisomee wewe."

Nchagwa alipangusa brashi. Akaipangusa tena, ingawa ilikuwa safi.

Kibao kilisema DUKA LA NGUC. Tundu la karatasi lilikuwa limekula nusu ya bakuli la mwisho, na Nchagwa alikuwa amechora nusu iliyobaki, kwa uaminifu wake wote.

Habon hakucheka. Aliangalia huku na huku kama kuna mtu anayesikia, kisha akasema, "Njoo ndani tunywe chai."

Ndani mlikuwa na harufu ya nguo mpya na udi. Habon alimmiminia chai ya maziwa yenye iliki.

"Umeficha tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nijue kwamba kuna kitu cha kuficha."

"Mimi nilianza kusoma herufi hizi nikiwa tayari na watoto wawili," Habon alisema. "Utotoni nilisoma Kurani, herufi za Kiarabu nazijua. Lakini hizi zenu zilikuwa kama sisimizi. Nilikuwa nikiona ankara za mzigo naumwa kichwa. Si aibu, Fundi. Aibu ni kukaa nayo tu."

 Nchagwa akatoa ile karatasi ya shule mfukoni. Ilikuwa imelainika kwa jasho.

"Basi nisomee hii."

Habon aliisoma kimya kwanza. Uso wake ukabadilika. Akaisoma kwa sauti ya chini: "'Kwa mzazi wa Rael. Tafadhali njoo shuleni wiki hii. Mtoto wako hajui kusoma. Asiposaidiwa, mwakani atarudishwa darasa la kwanza. Wako, Mwalimu Orpah.'" Akaikunja. "Fundi, hii ni ya wiki tatu zilizopita. Mwalimu anadhani hujali."

Nchagwa aliiweka chini ile chai. 

Mchana huohuo alipanda ngazi akalifunga lile bakuli likawa zima. Kesho yake, kabla ukungu haujaondoka, alivaa shati safi akaenda shuleni.

Mwalimu Orpah alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Alikuwa amehamishwa kutoka Homa Bay mwanzoni mwa muhula. Darasa lake lilikuwa na watoto sabini na mmoja. Hakumgombeza Nchagwa. Alimwambia arudi saa kumi, watoto wakiondoka, ili wakae watatu na Rael.

Saa kumi darasa lilikuwa tupu na mwanga wa jua ulilala juu ya madawati. Vumbi la chaki lilikuwa likielea ndani yake. Mwalimu alimpa Rael kitabu.

"Msomee Baba hadithi ya mbuzi."

Rael alisoma yote bila kukosea hata neno. Nchagwa akamtazama mwalimu. Huenda kuna makosa, moyo wake ulisema.

Mwalimu akafunika picha kwa mkono. Akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa. "Hapa pameandikwa nini?"

Midomo ya Rael ilianza kucheza bila sauti. Mama ana mbuzi. Mbuzi anakula majani. Alikuwa akiisema hadithi kutoka mwanzo, akitafuta mahali kidole kilipo. Akapotea njiani. Akainamisha kichwa.

Mwalimu akaandika neno moja ubaoni: mama.

"Hili je?"

"Em," Rael alisema. "Ei. Em. Ei."

"Vizuri. Ukiziweka pamoja inakuwa nini?"

"Emei... emei."

 Nje kwenye uwanja kulikuwa na mtu anayeita mbuzi.

"Baba Rael," Mwalimu Orpah alisema, "huyu mtoto si mjinga. Amekiweka kitabu kizima kichwani, na hiyo ni akili nyingi. Lakini kukariri si kusoma. Aliyekariri anajua hadithi moja tu. Ukimpa nyingine amekwama."

"Sasa shida iko wapi, Mwalimu? Herufi si anazijua?"

"Anajua majina yake. Hajui sauti zake." Mwalimu akafikiri kidogo. "Nyumbani mna jogoo?"

"Yuko."

"Jina lake ni jogoo. Lakini alfajiri analia vipi?"

Rael akainua kichwa. "Kokoriko."

"Sawasawa. Hasemi 'jogoo'. Jina ni la kumwitia, sauti ni yake mwenyewe. Sasa herufi hii jina lake ni em. Lakini inalia hivi: mmm. Funga midomo, Rael. Usikie inavyotetemeka."

Rael alifunga midomo. "Mmm."

"Na hii inalia aaa. Sasa usizikate. Anza na ya kwanza, iteleze mpaka ya pili."

"Mmm... aaa," Rael alisema. "Mmmaaa. Ma." Akatulia. Akaangalia sehemu ya pili ya neno. "Mmmaaa." Macho yake yakawa makubwa. "Mama. Ni mama."

Alikuwa amelisema neno hilo tangu alipojifunza kuongea. Lakini sasa lilikuwa limetoka ubaoni, kutoka kwenye chaki, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

Nchagwa alilitazama neno lilelile. Milima miwili, na kila mmoja na yai lake kando. Ndivyo alivyoliona siku zote. Alifunga midomo polepole, bila kupenda, kama mtu anayefanya jambo katika ndoto. "Mmm," alisema. "Mmmaaa."

Mwalimu alimgeukia. Rael pia.

"Mwalimu," Nchagwa alisema, "hata mimi sijui."

Rael alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Lakini Baba, wewe huandika."

"Huchora, mama. Nachora kama ninavyomchora ng'ombe. Kusoma sijui. Ndiyo maana nilikuona umeshika kitabu juu chini nikanyamaza. Niliogopa utaniuliza."

 Rael alishuka kwenye dawati akaenda kusimama karibu naye, bega kwenye bega. Akauliza, "Na wewe tumbo lilikuwa linakuuma?"

"Kila siku," Nchagwa alisema.

Mwalimu Orpah alijifanya anafuta ubao, ingawa neno lenyewe hakulifuta.

Jioni hiyo Nchagwa alimwambia Metrine. Metrine alikuwa akikoroga uji, akaendelea kuukoroga hata ulipokuwa tayari.

"Miaka kumi nakuletea karatasi za hospitali," alisema mwishowe. "Unaziangalia unaniambia ni sawa. Ile ya dawa ya Rael, alipougua malaria?"

"Nilirudi nikamuuliza muuza dawa."

"Na kama angekuwa amefunga?"

 Metrine aliinua sufuria, akaipua, akakaa chini. Hakuongea naye mpaka watoto wa jirani walipomaliza kucheza nje na kuitwa ndani. Kisha akasema, "Basi jifunzeni wote wawili. Na mimi nikae pembeni niangalie?"

"Mwalimu amesema hata wewe una kazi," Nchagwa alijibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Orpah alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la Habon. Mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, walikutana kwenye kibaraza chake. Hakuanza na kitabu. Alianza na masikio.

"Kabla mtoto hajaona sauti kwenye karatasi, lazima aisikie kwenye neno," alisema. "Rael, nipigie makofi jina la baba."

"N-cha-gwa." Makofi matatu.

"Kila kofi ni silabi. Sasa rangi."

"Ra-ngi." Mawili.

"Na neno rangi linaanza na sauti gani?"

"Rrr."

"Nitajie lingine la sauti hiyo."

"Rael," alisema Rael, akacheka.

Mchezo huo ulihamia nyumbani, na huko ndiko Metrine alikoupata. Alikuwa hajui herufi hata moja, lakini masikio alikuwa nayo. Akichambua maharagwe alisema, "Naona kitu kinachoanza na sss." Rael akazunguka nyumba kwa macho. Sufuria. Sabuni. Siku moja Metrine alisema, "Ondoa sauti ya kwanza kwenye mkeka, inabaki nini?" Rael akafikiri sana. "Keka," alisema. "Kama keki iliyoharibika." Wakacheka wote watatu mpaka jirani akauliza kuna nini.

Nchagwa alileta mabaki ya mbao kutoka kazini. Akayapiga msasa, akayapaka nyeupe, na juu ya kila kipande akachora herufi moja. Irabu tano, a, e, i, o, u, alizipa nyekundu, kwa sababu Mwalimu alisema ndizo pumzi ya silabi. Nyingine alizipa bluu. Kila alipochora herufi aliitoa sauti yake kwa mdomo, polepole, mkono na sauti vikienda pamoja. Hakuchora tena nyoka. Alichora sss.

Rael alipenda kuvisogeza vile vipande. Akaweka b karibu na a. Akaondoa a akaweka e. Ba, be, bi. Akibadilisha kipande kimoja, neno linageuka: kaka likawa kaki, kaki likawa kazi. Mara nyingine alizikata sauti, kila moja peke yake, na neno likamponyoka.

"Usiinue brashi," Nchagwa alimwambia siku moja. "Mstari ukiuinulia brashi unakatika. Vuta mpaka mwisho."

Mwalimu Orpah alisikia akaitikia kwa kichwa. "Hilo nitaliiba," alisema. "Nitawaambia darasani."

Haikuwa rahisi kila siku. Sauti zilizoandikwa kwa herufi mbili zilimsumbua Rael: sh, ch, ny, dh. Alilia kwa sababu ya neno nyanya. Nchagwa mwenyewe alikuwa akirudi kutoka kazini amechoka, maneno yanaogelea mbele yake kama samaki gizani. Lakini Mwalimu alikuwa amewaambia: dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima mara moja kwa wiki. Wakashika hizo dakika kumi.

Mwishoni mwa Agosti Rael aliweza kusoma sentensi ambayo hakuwahi kuiona. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, kisha anasimama. Mwalimu akawapa dawa ya hilo pia. "Asome ukurasa mmoja mara tatu. Ya kwanza atajikwaa. Ya pili atatembea. Ya tatu ataongea." Ikawa kweli. Mara ya tatu sauti yake ilirudi ile ya kijito, lakini safari hii macho yake yalikuwa kwenye ukurasa.

Nchagwa alifurahi, akadhani kazi imeisha. Siku moja Rael alisoma hadithi ya mzee na ghala lake, kwa kasi, bila kukwama. Metrine, akimenya viazi, akauliza tu kama mtu anayepiga porojo, "Kwa nini huyo mzee alilia?"

Rael alirudisha macho kwenye ukurasa. "Sijui."

"Si umesoma wewe?"

"Nimesoma. Lakini sijasikia."

Nchagwa alimpelekea Mwalimu habari hiyo kwa wasiwasi. Mwalimu alitabasamu. "Mama Rael amenitangulia. Kusoma kwenyewe ni kuelewa. Sauti ni mlango tu. Mwambie aendelee kumuuliza. Kabla ya kusoma, amuulize anadhani kutatokea nini. Katikati, nani alifanya nini. Mwisho, kwa nini. Na neno gumu lisipitwe. Ghala analijua?"

Hakulijua. Kwao Isebania waliita stoo. Kesho yake Nchagwa alimpeleka Rael kuona ghala la mahindi nyuma ya kinu, Rael akaingia ndani yake, akanusa vumbi tamu la nafaka. Aliporudi akaisoma hadithi tena. Alipofika mahali panya walipoingia ghalani, alisimama mwenyewe. "Ndiyo maana alilia," alisema. "Chakula chote kiliisha."

Tangu hapo Metrine aliuliza maswali kila jioni. Hakuhitaji kujua kusoma ili kuuliza. Na siku ambazo hapakuwa na kitabu, yeye ndiye aliyesimulia, hadithi za bibi yake kutoka Kakamega, ndefu, zenye maneno ambayo Rael hakuwahi kuyasikia. Mwalimu alisema hayo nayo ni mafunzo. Mtoto aliyesikia maneno mengi hukutana nayo kwenye kitabu kama watu anaowafahamu.

Novemba matokeo yalitoka. Karatasi ilikuja ndani ya bahasha. Rael aliifungua akawasomea baba yake na mama yake, akisimama katikati ya chumba: "'Rael amepita. Ataingia darasa la tatu.'" Metrine aliiomba karatasi. Aliigeuza huku na huku, akaweka kidole juu ya herufi moja. "Hii ni rrr?" Ilikuwa rrr.

Likizo ya Desemba, Nchagwa alipata kazi kisiwani Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria. Mvuvi mmoja, Bonface Kasera, alikuwa amesikia habari za mkono wake, naye alikuwa na mashua mpya. Nchagwa akamchukua Rael. Walipitia mjini Migori, wakapita Homa Bay, wakafika Mbita, na kutoka hapo wakavuka ziwa. Rael alisoma kila kibao kilichopita mbele yake, kwa kunong'ona, kama mtu anayesalimia.

Asubuhi ya pili ziwa lilikuwa tulivu na la rangi ya maziwa. Huwezi kujua maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Milima ya kisiwa ilikuwa imesimama juu ya kitu kisichoonekana. Mashua ilikuwa imeegemezwa kwenye magogo, imepakwa nyeupe. Nchagwa alifungua makopo akasubiri karatasi.

"Jina liko wapi?" aliuliza.

"Karatasi sina, Fundi," Kasera alisema. Alikuwa mtu mzima, mwenye nywele nyeupe masikioni. "Mimi sikusoma. Hili ni jina la mama yangu. Alifariki mwezi wa tatu. Hata yeye hakuwahi kuandikwa mahali, isipokuwa kwa kipande, kile kitambulisho chake, na hapo walikosea."

"Aliitwa nani?"

"Akong'o."

Nchagwa alishika brashi.  Maisha yake yote hakuwahi kuchora neno ambalo halikuwepo mbele yake. Angeweza kusema asubiri, amtafute mwalimu wa kisiwani. Lakini mashua ingeteremshwa majini saa saba na watu walikuwa wamealikwa.

"Liseme tena, Mzee. Polepole."

"A-ko-ng'o."

Rael alikuwa tayari anapiga makofi, kimyakimya, kwenye paja. "Silabi tatu, Baba."

"Ya kwanza?"

"A tu. Peke yake."

"Ya pili, kkk na ooo." Nchagwa alilisema mwenyewe kwa sauti ndogo. "Ko. Na ya mwisho?"

 Kasera alilisema tena bila kuombwa. Sauti ile ilitokea nyuma ya pua, laini.

"Si ya ngozi," Rael alisema. "Ni ya ng'ombe. Sikia, Baba. Ng'o. Ng'o. Ina kile kialama juu."

"Tukikiacha?"

"Itakuwa Akongo. Itakuwa mtu mwingine."

Nchagwa alivuta pumzi. Akaweka brashi kwenye mbao nyeupe akachora, herufi baada ya herufi, akitoa kila sauti kwa mdomo. Hakunakili. Jina lilitoka mdomoni mwa Kasera, likaingia masikioni mwake, likateremka mkononi. Alipofika penye kile kialama, alikiweka kidogo, chekundu, kwa ncha ya brashi. Kisha akamaliza bakuli la mwisho, nalo lilikuwa ooo.

Kasera aliiangalia ile kazi. Aliweka kiganja hewani mbele ya herufi, bila kugusa rangi mbichi.

"Mnaniambia tu kwamba ndiyo hili," alisema. "Mimi nitajuaje?"

Nchagwa alianza kufunga makopo.

Saa saba watu waliisukuma mashua majini. Ilielea taratibu ikapita mbele ya miamba, mahali wasichana watatu wa kisiwani walipokuwa wakiosha sufuria. Hawakuwa wamemwona fundi wala binti yake. Mmoja wao aliinua kichwa, mikono ikiwa na povu, akayakaza macho.

"A," alisoma. "A-ko..." Akasita kidogo. Akaendelea, "Akong'o."

Wenzake wakaangalia nao. "Akong'o," wakasema. "Inaitwa Akong'o."

Kasera alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini. Aligeuka kutazama zile sauti zilikotoka. Alibaki pale muda mrefu, maji yakimpiga polepole miguuni, akilisikia jina la mama yake likitoka kwa watoto ambao hawakuwahi kumjua.